Viatu vya Sura ya Tatu

Ukitaka kumchokoza Nukta, mwambie kitabu chake hakina muuaji. Atavua miwani, ataifuta kwa pindo la gauni, halafu atakuuliza kama wewe unamjua, maana kama unamjua kituo cha polisi hakijahama, nenda kaseme. Mchapishaji alijaribu mara tatu. Mara ya tatu alitoka mwenyewe ofisini mwake akaenda kunywa chai nje, Nukta akabaki kwenye kiti cha wageni, ametulia tuli kama mwenye nyumba.

Jina hilo la Nukta alipewa gazetini. Miaka thelathini na mmoja alikuwa msoma prufu, yule anayepitia kila habari na penseli nyekundu kabla haijaenda mtamboni, akiwinda makosa ya waandishi. Na alikuwa mkali, usiniulize. Waandishi walimwogopa kuliko mhariri, kwa sababu mhariri alibembelezeka. Alipostaafu hakujua macho yake ayapeleke wapi. Mumewe, mwalimu wa useremala naye mstaafu, alivumilia miezi sita ya kusahihishiwa orodha ya sokoni, kisha akamwambia kwa upole wake wote, mke wangu, tafuta kitabu uandike, la sivyo utaniua.

Ndipo Nukta alipowakumbuka wale wanawake watano. Miaka ishirini na minane nyuma, ndani ya miezi kumi na minne, waliuawa mmoja mmoja wakitoka kazini kurudi nyumbani. Polisi walisema mkono ulikuwa mmoja, na mwenye mkono huo hajapatikana hadi kesho. Magazeti yalimbandika jina la kutisha, jina likapendwa, hata watoto wakawa wanatishwa nalo ili walale. Na wale watano je? Simama barabarani, uliza watu wakutajie hata mmoja alikuwa nani. Watakutolea macho. Hilo lilimkera Nukta kuliko kitu chochote. Akaamua kuandika kitabu ambacho muuaji atapata mistari michache tu, ya lazima, na kila mwanamke atapata sura yake nzima: alifanya kazi gani, alicheka vipi, alimkasirikia nani.

Utaratibu wake wa kazi ulikuwa wa ajabu kidogo. Akimaliza sura, hakuipeleka kwa mchapishaji. Aliifunga kwenye mfuko wa nguo, akaenda nayo nyumbani kwa ndugu wa marehemu, akaisoma kwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho. Na ile penseli nyekundu, ambayo gazetini hakuna aliyethubutu kuigusa, alimkabidhi mwenye nyumba. Wewe ndiye msahihishaji leo, aliwaambia. Kaka wa yule wa kwanza, muuguzi mwenye mvi, alisikiliza nusu ukurasa tu akafuta neno "mpole". Dada yake mpole? Yule alikuwa mkorofi wa kutupwa, alisema, andika mkorofi, tena alitusumbua sana na tulimpenda hivyo hivyo. Nukta akaandika mkorofi.

Kosa lake, kama ni kosa, ni ahadi aliyowapa. Aliwaambia ndugu wote kwamba hakuna sura itakayochapishwa peke yake: ama zote tano zisomwe na zikubaliwe, ama kitabu kisitoke. Familia nne zilikubali. Ya tano ilikuwa ya yule aliyeuawa wa tatu, na hapo alibaki mama yake tu, mtu mzima wa karibu miaka themanini. Miaka minne Nukta alituma salamu, na miaka minne jibu lilikuwa moja: watu wa gazeti siwataki kwangu. Mchapishaji akachoka. Alimwambia Nukta bila kuzunguka kwamba sura ya tatu isipoingia kabla ya mwezi kwisha, mswada wote utarudi kwa mwenyewe, na ahadi za namna ile zinawafaa watu wasio na kazi.

Siku ishirini zilikuwa zimebaki. Nukta hakulala vizuri, na mtu asiyelala vizuri anasahihisha hata maandishi ya kwenye kiberiti. Mumewe alipoona hivyo alikwenda kimyakimya kwa yule muuguzi, na muuguzi akaenda kwa yule mama. Sijui alimwambia mengi kiasi gani. Ninachojua ni kwamba alimwambia huyu si kama wale, huyu anakupa penseli. Mama akasema, basi aje Jumamosi asubuhi, na asije na kamera.

Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la misumari na rangi. Ngazi ya saruji, mlango wa kijani, kitanda kimetandikwa kikanyooka kama meza, na upande mmoja wa ukuta rafu ndefu ya mbao iliyofunikwa shuka jeupe. Nukta aliamkia kwa heshima, akaitikiwa kwa ubaridi. Alimpa mama penseli, naye akaishika kama mtu anayeshikishwa mzigo wa mwenzake. Nukta akavaa miwani, akaanza. Sentensi ya kwanza ilisema kwamba mke wa fundi viatu, mwenye umri wa miaka ishirini na sita, alitoka nyumbani siku ile kabla ya jua kupanda.

"Simama hapo," mama alisema. "Nani kakwambia mwanangu alikuwa mke wa fundi?"

Nukta akasema ameyatoa gazetini, na kipande cha gazeti anacho.

"Mwanangu hakuwahi kuolewa. Fundi alikuwa yeye."

Mama aliinuka, akavuta lile shuka. Nyuma yake kulikuwa na viatu jozi kumi na moja, vimepangwa visigino ukutani, vimepigwa rangi, vinang'aa. Kila jozi ilikuwa na kikaratasi kigumu kilichofungwa kwa uzi wa kushonea soli. Binti huyo, mama alieleza, alifundishwa kazi na mjomba wake. Macho ya mjomba yalipofifia, binti akachukua kibanda chake kando ya ukuta wa zahanati. Mwanzoni wanaume walimletea viatu vya watoto tu, wamjaribu. Mwaka wa pili walikuwa wanapanga foleni. Majina ya wateja hakuyajali. Aliandika alivyowaona yeye. Nukta aliinama akasoma: "Mwenye haraka". "Mama wa mapacha". "Yule wa kikohozi". "Mwalimu mrefu, mguu wa kushoto mkubwa". "Anayenuna". Akajikuta anacheka, akajizuia kwa aibu, lakini mama hakuchukia. Hata yeye kicheko kilimpita usoni kidogo, kisha kikapotea.

Hizo zilikuwa kazi alizozimaliza binti siku moja kabla ya kuuawa. Jioni ile alizibeba nyumbani kwa sababu kufuli ya kibanda ilikuwa mbovu. Mama alingoja wenyewe waje. Hakuja hata mmoja, na ndipo alipoelewa. Waliosoma gazeti walijua amekufa mke wa fundi fulani. Hawakujua amekufa fundi wao. Walikuta kibanda kimefungwa wakadhani amehama. Na mtaani likazuka jingine baya zaidi. Mke ana mume, na mume haonekani, basi ndiye aliyefanya. Wale wanne wengine waliliwa na muuaji, watu walisema, lakini huyu wa tatu ni mambo ya nyumbani. Mama akawa anaulizwa sokoni, kwenye ngazi, mpaka kwenye mazishi ya watu wengine, mkwe wako kakimbilia wapi? Polisi waliujua ukweli tangu siku ya pili, lakini faili la polisi nani analisoma? Kila siku ya kwanza ya mwezi mama alishusha viatu, akavipangusa, akavipaka rangi, akavirudisha.

Nukta alivua miwani. Alisema gazeti lilikosea, mama, na yeye atalirekebisha kitabuni, neno kwa neno.

"Gazeti halina mikono," mama alisema. "Kuna mtu aliandika hivyo. Niletee huyo mtu, ndipo tusome." Akamrudishia penseli yake, haijagusa karatasi.

Mwenzangu na mimi tungerudi nyumbani tumekata tamaa. Nukta alirudi akitembea haraka kama msichana. Kuwinda kosa? Si ndiyo kazi yake? Tena aliyefanya kosa alikuwa kishamjua. Habari ile iliandikwa na mwandishi mmoja mlevi, Mungu amrehemu, aliyekuwa akiandika mguu mmoja uko baani. Nukta alikuwa na ushahidi pia. Gazeti lilipohama jengo, waliitupa nje shehena ya makaratasi ya zamani, na yeye, asiyejua kutupa, aliyabeba maboksi kumi na saba nyumbani. Mumewe aliyachongea rafu, akilalamika kila ubao.

Alipekua siku tatu. Siku ya tatu, mchana, kwenye boksi la kumi na mbili, aliipata. Karatasi ya taipureta, imekuwa ya njano, jina la yule mlevi juu. Sentensi ya kwanza ilisema: "Fundi viatu mwenye umri wa miaka ishirini na sita ameuawa jana." Juu ya neno la kwanza palichomekwa maneno mawili kwa penseli nyekundu, na mshale: "Mke wa". Na pembeni, kwa mwandiko ule ule mdogo uliosimama wima, neno la kumkaripia mwandishi: "Amka!"

Mwandiko huo Nukta aliujua kuliko sura yake.

Akakaa sakafuni, palepale, kati ya maboksi. Kumbukumbu ilimrudia bila kuitwa. Alikuwa na haraka, mtambo unangoja, ameona "fundi viatu" na chini yake "marehemu huyo, mwanamke," akasema moyoni, hebu ona ujinga huu, mlevi kameza maneno. Hakumwita mwandishi. Hakupiga simu. Alisahihisha, akaenda mbele, na pengine siku hiyo alijisifu. Yule mlevi ndiye aliyekuwa macho. Nukta alilia, na si kilio cha kujionea huruma; alilia kwa hasira, anajipiga paja.

Mumewe alikuja na chai, akaisoma karatasi amesimama. Nukta akamwambia waziwazi kilichokuwa kinampitia kichwani. Mwandishi amekufa, hana mke wala mtoto. Mama hajawahi kuiona karatasi hii. Akimwambia ni yule mlevi, sura itakubaliwa, kitabu kitatoka, familia nne zilizongoja miaka minne zitafurahi, na hakuna mtu duniani atakayejua. Akimwambia ukweli, mama atamfukuza, kitabu kitakufa, na wale wengine watakuwa wameonjeshwa bure. Mumewe aliweka kikombe juu ya boksi. Hakumhubiria. Alimuuliza tu, katika miaka yote thelathini na mmoja, kuna kosa la mtu yeyote aliwahi kulifumbia macho? Nukta akafikiri, akasema hapana, hata moja.

"Basi kunywa chai, inapoa," mumewe alisema.

Kesho yake alipanda ile ngazi ya saruji, karatasi ya njano imo mfukoni. Mama alifungua mlango, akatazama nyuma ya Nukta kuona kama kuna mtu mwingine. Nukta akasema mtu aliyeagizwa amekuja naye, ni yeye mwenyewe. Akatoa karatasi. Mama aliisoma kwa kidole, polepole, neno moja moja, akafika kwenye wekundu, akarudi nyuma, akasoma tena.

"Kwa nini?"

"Sikuamini mwanamke anaweza kuwa fundi viatu," Nukta alisema. "Na mimi nilikuwa mwanamke peke yangu katika chumba cha wanaume kumi, mama. Kila siku walinidhania mfagiaji."

Mama aliiweka karatasi kitandani. Chini dukani mtu alikuwa anahesabiwa misumari, inaangukia kwenye bati, moja moja. Halafu mama akasema anamchukia. Alisema hivyo bila kupaza sauti: nimekuchukia miaka ishirini na minane kabla sijaijua sura yako, na leo nimeijua. Ningekuwa na nguvu ningekuchapa kwa kiatu, na unaona mwenyewe viatu ninavyo. Nukta akajibu kwamba asingekimbia. Mama akageuza macho kwenye rafu, kana kwamba anachagua kipi. Macho yakamtua kwenye buti la Mwalimu mrefu, lile kubwa la kushoto, na sijui nini kilimshika, kicheko kikamtoka. Kilimtoka kibaya, kimechanganyika na machozi, akashindwa kukizuia. Nukta naye akaangua. Wanawake wawili wazima walikaa ukingoni mwa kitanda kilichonyooshwa wakacheka na kulia mpaka shuka likakunjamana.

Mama alipojifuta uso, aliuliza penseli iko wapi. Nukta akampa. Akadhani anaitaka kwa ajili ya sura ya tatu, lakini mama aliichukua ile karatasi ya zamani, akailaza juu ya goti, akapiga mstari juu ya "Mke wa". Akapiga wa pili, na wa tatu, kwa nguvu, hata karatasi ikatoboka kidogo. Hakuishia hapo. Lile neno "Amka!" alilizungushia duara, akachora mshale mrefu kuelekea upande aliokaa Nukta. Ndipo akaegemea ukuta.

"Haya, sasa soma," alisema. "Anza na fundi."

Walisoma Jumamosi mbili. Mama alisahihisha kuliko wote. Alifuta "kibanda kidogo" kwa sababu hakikuwa kidogo. Aliongeza kwamba binti aliimba vibaya wakati wa kupiga nyundo, na kwamba alikataa wachumba wawili kwa kuwa viatu vyao vilikuwa vichafu. Na alitoa masharti mawili. Karatasi ya njano ichapishwe kitabuni kama ilivyo, na tundu lake, na Nukta aandike chini yake ni nani aliyefanya. La pili, vikaratasi vyote kumi na kimoja viandikwe kama binti alivyoviandika, pamoja na mtaa ambako mwenye viatu atavifuata.

Mchapishaji aliposoma alishika kichwa. Alisema aliomba muuaji, ameletewa viatu. Nukta akamwambia muuaji hana miguu katika kitabu hiki, atembee kwingine. Mchapishaji aligeuza kurasa, akarudi kwenye ile karatasi, akaitazama kwa muda, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama ana hakika anataka watu wamjue. Nukta alisema amewaanika wenzake miaka thelathini na mmoja, ni zamu yake. Mswada ukaingia siku mbili kabla ya mwezi kwisha.

Kitabu kilipotoka, wapo walionung'unika kwamba fumbo halikufumbuliwa. Kweli halikufumbuliwa, na Nukta hana dawa ya hilo. Linamuuma kama linavyomuuma kila ndugu. Lakini wiki ya tatu mtu alipanda ngazi ya saruji akihema. Alikuwa mwanamke mnene mwenye fimbo, akasema yeye ndiye mama wa mapacha, na mapacha wenyewe sasa wana ndevu. Alivikumbatia viatu vyake vya kahawia akamwambia mama, siku ile nilimkasirikia fundi, nilidhani kaniibia kaondoka, naomba unisamehe. Wiki iliyofuata alikuja binti wa yule wa kikohozi. Baba alishakufa, lakini binti alikitambua kisigino cha baba yake mbele ya rafu nzima. Anayenuna alikuja amenuna. Mwenye haraka, baada ya miaka ishirini na minane, alifika akiomba radhi kwa kuchelewa, na mama alicheka siku nzima.

Nukta sasa huenda kila Jumamosi na orodha yake ya wenye viatu na penseli. Mama humpikia, humtania, na akikosea kuweka kikombe mahali pake humwambia "Amka!" Majirani wameacha kuuliza habari za mkwe. Wanamwita Mama Fundi, toka juu mpaka dukani chini, na yeye huitika kabla hawajamaliza.

Jumamosi iliyopita zilikuwa zimebaki jozi mbili. Wanakunywa chai, wakasikia hatua kwenye ngazi, zikasita, zikaendelea. Mlangoni alisimama mzee mrefu, mrefu hasa, hata kichwa akakiinamisha kuingia, na mguu wake wa kushoto ulikuwa mkubwa kama alivyoandikwa. Hakuwa amesoma kitabu. Alisema mwanafunzi wake wa zamani alimpigia simu, akamwambia nenda nyumba ya juu ya duka la misumari, lakini hakumweleza zaidi, wala yeye hana hakika kama ndipo. Akauliza kama hapa ni kwa fundi viatu.

"Ndipo," mama alisema.

"Fundi mwenyewe yupo?"

Mama aliweka kikombe chini, mahali pake. Alisimama, akajinyoosha, akaenda kwenye rafu, akalichukua lile buti na mwenzake, akavifuta kwa kiganja ingawa havikuwa na vumbi.

"Fundi ni mwanangu," alisema. "Amefariki. Lakini kazi yako aliimaliza, hii hapa."

Mzee alikaa kwenye kiti cha Nukta, akavua viatu alivyokuja navyo, akavaa vile. Akasimama, akatembea mpaka dirishani akarudi. Akasema vinamkaa vizuri. Nukta akatafuta "Mwalimu mrefu" kwenye orodha, akaweka alama.